Umeambiwa utolewe kizazi kwa sababu ya uvimbe? Pitia hapa kabla hujasaini

#1 – Mtoa mada

Habari za jioni wadau. Uzi ni mrefu kidogo, nauandika kwa ajili ya dada zetu, mama zetu na waume wanaowasindikiza hospitali.

Mwaka jana alikuja idarani kwetu mama mmoja wa miaka 40 na kitu (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Nikamwonyesha kiti pale koridoni asubiri, hakukaa. Nikadhani hajanisikia, nikarudia, "Karibu mama, kaa." Akafungua pochi, akatoa mfuko wa nailoni na kanga iliyokunjwa mara nne, akavitandika juu ya kiti, ndipo akakaa. Miaka mitatu anatembea na ile kanga. Kwenye daladala, kanisani, msibani. Kipimo cha wingi wa damu yake kilikuwa 6, ameshaongezewa mara mbili, na mkononi alikuwa na karatasi ya kutolewa kizazi. Alipita kwetu kwa ajili ya kipimo tu. Hakuwa na habari kwamba kuna njia nyingine.

Mimi ni radiografa. Ndani ya chumba cha angio, yaani cha picha za mishipa ya damu, nakuwa pembeni ya daktari, nimevaa aproni ya risasi, naendesha mashine ya mionzi wakati yeye anashika waya na mrija. Fani yenyewe hapa kwetu inaitwa tiba radiolojia: daktari anatibu akiongozwa na picha, kupitia tundu la sindano, bila kukupasua. Kuziba mishipa, yaani embolaizesheni, ni tawi mojawapo la fani hiyo.

Sasa tuje kwenye uvimbe. Fibroidi si saratani. Ni msuli wa kizazi uliojikusanya ukawa donge, na homoni za kike ndizo zinazoulea. Kwetu sisi weusi ni jambo la kawaida mno: utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kuwa hadi kufika miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wanakuwa nao, na weupe karibu asilimia 70. Wengi hauwasumbui na hawahitaji tiba yoyote. Ninaowaandikia ni wale wanaomwaga damu ya mabonge, wanaobadilisha pedi kila saa, wanaoamka usiku mara sita kwa sababu kibofu kimebanwa.

Uvimbe unaishi kwa damu. Kizazi kinalishwa na mishipa miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na uvimbe ukishakua unajivutia sehemu kubwa ya damu hiyo. Daktari anachoma ganzi kinenani au kwenye kifundo cha mkono, anaingiza sindano kwenye mshipa, kisha waya laini, kisha katheta, mrija usiofika unene wa milimita 2. Anausogeza taratibu, mimi namfungulia picha, mpaka mdomoni mwa mshipa wa kizazi. Halafu inapigwa dawa ya kontrasti, ile inayofanya mishipa ionekane kwenye picha. Kwenye skrini mshipa unatokeza mweusi, umejipindapinda kama mizizi ya mkoko, na kuuzunguka uvimbe unaona tenga zima la vimishipa. Siku ya kwanza nilipoliona lile tenga ndipo nilipoelewa mtu anawezaje kupoteza damu kiasi kile.

Baada ya hapo vinaingizwa vichembe. Ni vya plastiki au jelatini, ukubwa wa nusu milimita hadi karibu milimita 1. Ukivitazama ndani ya bomba la sindano ni kama chenga za dona ndani ya maji. Damu yenyewe ndiyo inayovibeba hadi kwenye uvimbe, kwa kuwa huko ndiko inakokimbilia kwa wingi. Dakika kadhaa baadaye tunapiga picha nyingine: tenga limetoweka, limebaki shina la mti uliopukutika majani. Daktari anahamia upande wa pili kupitia tundu lilelile. Kizazi hakifi kwa sababu kina vijia vingine vya kupata damu. Uvimbe hauna, kwa hiyo unanyauka, na ndani ya miezi 3 hadi 6 ujazo wake mara nyingi unapungua kwa karibu nusu. Hakuna nusu kaputi, hakuna mshono. Lile tundu tunalifunika kwa plasta.

#2 – Kisarawe Juu

Mkuu, ubarikiwe. Swali langu: hii kitu ina muda gani duniani? Isije ikawa tunafanyiwa majaribio. Na je, ipo hapa Bongo au mpaka India?

#3 – Mtoa mada

Mkuu Kisarawe, swali zuri, na mtu yeyote ana haki ya kuliuliza kabla ya kulala kwenye meza yetu.

Njia ya kuingia mshipani kwa sindano kisha waya kisha mrija aliibuni Seldinger wa Sweden mwaka 1953, na mpaka leo ndiyo tunayotumia. Kutibu kwa njia hiyo kulianza Januari 1964 kule Portland, Marekani. Bibi wa miaka 82 alikuwa na mguu ulioanza kuoza, madaktari wa upasuaji wanataka kuukata, yeye hataki. Daktari wa picha aitwaye Charles Dotter akaupanua mshipa ulioziba kwa mirija, damu ikashuka, bibi akabaki na mguu wake.

Kwenye uvimbe wa kizazi, waliofungua njia ni Wafaransa, Jacques Ravina na wenzake wa Paris. Mwanzoni hawakukusudia kuwa tiba kamili. Walikuwa wanaziba mishipa kabla ya upasuaji ili mgonjwa asipoteze damu nyingi mezani. Wagonjwa wakawa wanarudi kusema damu imekoma, tumbo limepungua, na wengine hawauhitaji tena ule upasuaji. Ravina akayaandika hayo kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Novemba 2004 Condoleezza Rice, akiwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais wa Marekani, alifanyiwa tiba hiyohiyo kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Georgetown. Kwa hiyo tuna miaka 30 na ushee ya kuwafuatilia wanawake waliopitia huko. Si majaribio.

Kuhusu Bongo: mwaka 2018 Muhimbili ilianza mpango wa mafunzo ya tiba radiolojia kwa kushirikiana na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Yale, mpango unaoitwa Road2IR. Timu zilikuwa zinakuja kwa zamu, daktari, nesi na radiografa pamoja, kufundisha madaktari wetu hapahapa badala ya kuwapeleka nje. Mwaka 2019 MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo, na wa kwanza wakahitimu 2021. Kazi nyingi za mwanzo hazikuhitaji hata mashine kubwa, zilifanyika kwa ultrasaundi na floroskopi, yaani picha ya mionzi inayoonekana papo hapo kwenye skrini. Kunyonya usaha tumboni. Kuweka mrija kwenye figo la mwanamke ambaye saratani ya shingo ya kizazi imeziba njia ya mkojo. Kumtoa kwa mrija nyongo iliyokwama mgonjwa aliyegeuka manjano kwa uvimbe wa kongosho. Nawaheshimu sana waliofanya kazi hizo, maana kabla yao mgonjwa wa namna hiyo alipasuliwa au alirudishwa nyumbani.

#4 – Daktari wa Wanawake, Mwanza

Mtoa mada, umeeleza vizuri. Ila mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na naomba nisawazishe jambo. Tusiwaaminishe watu kuwa upasuaji umepitwa na wakati. Kuna uvimbe uliojaa mpaka juu ya kitovu, kuna unaoning'inia kwa kikonyo, kuna mwanamke wa miaka 30 anayetaka watoto. Hao nawatoa uvimbe peke yake nikibakiza kizazi, na wanazaa. Na kuna ambao kuondoa kizazi ndiyo tiba sahihi.

#5 – Mtoa mada

Daktari, shikamoo, na asante kwa kuja. Nakubaliana nawe na naomba wasomaji walisome jibu lako mara mbili.

Tafiti zenyewe zinasema hivi. Uingereza walifanya utafiti wa FEMME, ukatoka mwaka 2020: wanawake 254, kwa bahati nasibu nusu wakatolewa uvimbe kwa upasuaji na nusu wakazibwa mishipa. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili maisha yao yalikuwa bora zaidi kuliko mwanzo, lakini waliopasuliwa waliongoza, alama za ubora wa maisha 84.6 dhidi ya 80. Waskoti walishafanya wa kwao, REST, wa mwaka 2007: waliozibwa walilala hospitali siku 1, waliopasuliwa siku 5, na waliozibwa walirudi kazini mapema, ila baadhi yao walihitaji tiba nyingine baadaye. Na Waholanzi kwenye utafiti wa EMMY waliwafuatilia wanawake kwa miaka 10. Kati ya waliozibwa mishipa badala ya kutolewa kizazi, karibu theluthi mbili walimaliza miaka hiyo 10 kizazi chao kikiwa mahali pake.

Mimi hiyo theluthi mbili naiona kubwa sana. Mwingine ataitazama ile theluthi moja iliyobaki aseme bora nitolewe mara moja nisirudi tena mezani. Wote wako sahihi, mradi wote wameambiwa. Kilio changu ni kwamba wengi wanaokuja kwetu hawakuambiwa chochote, si hii, si ile ya kutoa uvimbe na kubakiza kizazi.

#6 – Mama wa Watatu

Nimesoma nikalia. Mimi nilitolewa nikiwa na miaka 34. Nilikuwa na watoto, sikulalamika, nilishukuru nimepona. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nilipewa karatasi asubuhi ileile ya upasuaji, nesi akaniambia weka sahihi hapa mama, daktari anasubiri.

#7 – Mtoa mada

Pole sana dada yangu. Pole mno.

Niseme na la kwangu. Dada yangu wa kwanza kuzaliwa alitolewa kizazi mwaka 2012, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa na miaka 36 na mtoto mmoja. Wakati ule tiba ya kuziba mishipa haikuwapo karibu nasi, hilo silaumu. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba uvimbe wake ulikuwa mmoja, wa sentimita 6, na hakuna aliyemwambia kuwa ungeweza kutolewa peke yake. Yule daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ndefu na chumba kimoja cha upasuaji. Dada alikuja kujua miaka minne baadaye, siku niliyokuwa nasoma ripoti yake ya zamani ya ultrasaundi jikoni kwake. Akazima jiko, akaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa mmoja tu?" Sikumjibu haraka. Tangu siku hiyo kila mwanamke anayekuja kwetu namuuliza: umeelezwa njia zote?

#8 – Mume wa Mtu

Mtoa mada heshima kwako. Mke wangu ana uvimbe wa sm 9, tuna miaka 4 kwenye ndoa hatujapata mtoto. Tuje kwenu?

#9 – Mtoa mada

Ndugu yangu, kwanza nendeni kwa daktari bingwa wa wanawake, kwa mtu kama yule wa #4. Kwa anayetafuta mtoto, kutoa uvimbe kwa upasuaji ndiko kunakoangaliwa kwanza kama inawezekana. Wapo waliopata mimba baada ya kuzibwa mishipa wakajifungua salama, lakini hatari ya mimba kuharibika inaonekana kuwa juu zaidi, na vichembe vichache vinaweza kuponyoka kuelekea kwenye ovari. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 hilo linaweza kuharakisha ukomo wa hedhi. Na wewe pia upimwe mbegu. Miaka 4 yote mzigo usiwe wa mkeo peke yake.

#10 – Tiba Asili Halisi

Wadau, mnateswa bure, ipo dawa ya kuyeyusha uvimbe na kusafisha kizazi siku 14 tu, nicheki inbox

#11 – Mtoa mada

Hapana. Nimeshapokea mwanamke aliyetumia dawa za kuingiza ukeni ili "uvimbe utoke", akaja na usaha na homa kali. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Moderata, naomba bango hili litolewe.

#12 – Mjukuu wa Tanga

Dada, sema ukweli, inauma? Maana mnasema tundu la sindano halafu mtu anakuja kujuta.

#13 – Mtoa mada

Inauma, na nisingependa mtu aje akidhani haiumi. Wakati wa tiba yenyewe si sana, uko macho, unatusikia tunaongea. Kontrasti ikipita unahisi joto linakushuka mapajani kana kwamba umejikojolea, hujajikojolea. Maumivu yanakuja baada ya uvimbe kukosa damu: tumbo linanyonga, wengine wanalifananisha na uchungu wa kuzaa. Saa 12 za kwanza ndizo nzito. Tunaanza dawa za maumivu mapema, mofini ikiwemo, na ya kuzuia kutapika. Kama aliingilia kinenani, mguu unakaa umenyooka kwa saa kadhaa, usiukunje. Wengi wanalala usiku mmoja.

Siku zinazofuata unaweza kuwa na homa ndogo, uchovu, kichefuchefu, kama mtu anayeumwa mafua. Inaisha ndani ya wiki hivi. Ila sikilizeni hapa: homa ikija au ikipanda *baada* ya wiki, au ukitoa uchafu wenye harufu mbaya, usinywe panadol ukalala. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa maambukizi, au kipande cha uvimbe kinajitoa kwa njia ya uke. Ni wachache, lakini anayechelewa ndiye anayeishia kutolewa kizazi kwa dharura.

Yule mama wa kanga alilia usiku ule wa kwanza, nesi akamkalia mpaka saa nane. Alirudi baada ya miezi mitatu, damu 11. Pochi ilikuwa ndogo zaidi.

#14 – Mvuvi wa Mafia

Baba yangu alitibiwa TB akapona, lakini anakohoa damu, safari moja alijaza kikombe. Hii tiba inaweza kumsaidia au ni ya wanawake tu?

#15 – Mtoa mada

Mkuu, kikombe kizima ni dharura, kwanza msimkawize. TB ikipona inaacha makovu na mashimo kwenye pafu, na mishipa inayolizunguka inakuwa minene na dhaifu, siku moja inapasuka. Kuziba mishipa hiyo kunafanyika tangu miaka ya 1970 na kunaweza kusimamisha damu siku ileile, kwa mtu ambaye pafu lake lisingestahimili upasuaji. Hatari yake kubwa ni kwamba mshipa wa kulisha uti wa mgongo wakati mwingine unachipuka hapohapo. Ukizibwa kwa bahati mbaya mgonjwa anaweza kupooza miguu, kwa hiyo daktari anaukagua kwa kontrasti kabla ya kuweka kitu chochote. Na damu inaweza kurudi baada ya miezi au miaka, hasa kama kuna fangasi kwenye yale mashimo. Mpelekeni akapigwe CT ya kifua na apimwe makohozi tena. Njiani, kama mnajua ni pafu lipi linalotoa damu, alale upande huohuo, ili lile zima libaki juu lisijae damu.

#16 – Mkunga Mstaafu

Na mama anayetoka damu baada ya kujifungua? Nimeona wengi wakifa mikononi mwetu.

#17 – Mtoa mada

Shikamoo mama. Ndiyo, inafanyika, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Lakini hapa lazima tuseme ukweli: mama anayemwaga damu hana muda wa kusafirishwa kutafuta chumba cha angio. Oksitosini ya kukaza kizazi, traneksamiki ya kusaidia damu igande, puto la kubana kizazi kwa ndani, kufunga mishipa kwa upasuaji, hata kutoa kizazi, vinavyookoa maisha pale alipo ndivyo sahihi. Embolaizesheni inamfaa aliyejifungulia kwenye hospitali yenye mashine na timu inayoitika usiku. Natamani hospitali zote za kanda zifike huko.

#18 – Kisarawe Juu

Bei je? Na mtu aje na nini?

#19 – Mtoa mada

Bei siandiki, inabadilika na inatofautiana kati ya hospitali na hospitali. Gharama kubwa iko kwenye katheta na vichembe, vinaagizwa nje na vinatumika mara moja tu. Ulizeni mapema, na wenye bima waulize kwa maandishi kama inalipia, wasisubiri siku ya kulazwa.

Aje na ultrasaundi, na MRI kama aliwahi kupiga, maana MRI inaonyesha uvimbe umekaa wapi na kama bado una damu. Uvimbe ulioshakufa wenyewe hauzibwi. Wingi wa damu, kipimo cha figo kwa sababu ya kontrasti, kipimo cha mimba, na majibu ya shingo ya kizazi. Kama damu inatoka katikati ya mwezi au baada ya ukomo wa hedhi, kuta za kizazi zichukuliwe kipimo kwanza kuhakikisha hakuna saratani, kwa sababu sisi tukiziba hatutoi nyama ya kupeleka maabara. Aseme kama ana pumu, au aliwahi kuvimba baada ya kuchomwa dawa ya CT. Kama anatumia vidonge vya kisukari aina ya metfomini, aseme pia.

Na aje na mtu wake, mume, dada, shoga yake, yeyote anayemtuliza. Ruhusa ni ya mgonjwa mwenyewe, huyo mwingine ni wa kumshika mkono usiku wa kwanza.